Mgongo wa Bizimu

Mtoto wa jicho alipomfunga baba upande wa kushoto
aliniita karakanani.
"Njoo uwe jicho langu," akasema,
nami, mimba ya miezi minne,
nikavaa aproni yake ya ngozi, ikanikataa kiunoni.

Kijiji chetu kimekaa juu ya kigongo,
mbele yake Jurjura na theluji hadi mwezi wa nne.
Nyumba saba zilikuwa zikifua fedha. Sasa mbili.
Kufua: nguo na fedha, neno moja,
na mikono ni ile ile inayochubuka.

Tuliyeyusha sarafu za nyanya,
zile alizozishonea ndani ya godoro wakati wa vita.
Uso wa mfalme fulani ukalainika, pua ikatangulia,
kisha taji, kisha hapakuwa na mtu,
tone tu, likitetemeka kama yai lisilo na ganda.

Nikasokota nyuzi mbili kuwa moja,
nikajenga vijumba vya kuta za uzi,
pembetatu, duara, na kimoja mkono uliteleza
kikawa kitu kisicho na jina.
Baba akakipapasa kwa kidole gumba.
"Kiache. Nacho kipate pa kukaa."

Boraksi ilinitapisha.
Nilitoka, nikainama chini ya mtini, nikarudi,
lehemu ikakimbilia ufani kama maji yanayojua njia.

Kisha unga wa kioo. Buluu nyingi. Kijani kidogo.
Manjano kwa kupima,
maana manjano haina adabu motoni, humpanda jirani.
Marijani tano, ya katikati nyekundu kama ufizi.

Lilikuwa bizimu la siku yangu.
Kwetu, akizaliwa mvulana, mama hulivaa kwenye paji la uso
kila mtu alione.
Akizaliwa msichana linashuka kifuani,
au linabaki sandukuni, na watu huulizia habari za mbuzi.

Akazaliwa Tafsut, usiku wa barafu,
kilo tatu na ushei,
ngumi ameikunja kama aliyeshika koleo.

Mavyaa Tawes akaleta mayai,
akanibusu mara nne, akasema kwa upole
(na ni mpole, nisimsingizie):
"Kifuani, binti yangu. Litapendeza kifuani."

Baba akafungua leso.
Nikaligeuza, kama sonara yeyote:
uso ni wa wageni, mgongo ni wa fundi.
Sindano haikuwepo.
Mahali pake, kulabu tatu ukingoni, juu,
za kuning'inizia kwenye kilemba, si penginepo.
Lehemu yake ilikuwa mbichi bado. Kulabu moja ilikaa upande,
kazi ya mtu anayeona nusu.

"Sindano ilivunjika," baba akauambia ukuta.

Maisha yangu yote sijaona sindano ya Mezyan ikivunjika.
Watu humletea mabizimu ya marehemu wao,
marijani zimedondoka, rangi imebanduka,
sindano ingalipo.

Tawes akalishika. Akalijaribu kifuani kwangu,
likateleza. Akalijaribu tena,
akitafuta pa kuchoma.
Akamtazama baba. Akanitazama mimi.
Mtoto akapiga chafya.

"Mimi nilivaa kifuani mara nne," akasema,
"kabla ya mumeo."
Akafungua kilemba chake mwenyewe, mvi zote nje,
akanifunga kichwani, akakaza kuliko ilivyohitajika,
akatundika kulabu ya kwanza, ya pili,
na ile ya upande ikamchoma kidole. Akakinyonya.

Fedha ni baridi mwanzoni. Halafu inasahau.

Kesho yake kwenye chemchemi
wakanipongeza kwa mvulana.
Nikawatajia jina lake.
Ndoo zikajaa, zikafurika,
hakuna aliyekumbuka kuondoa yake,
na bizimu, zito, limeinama kidogo kushoto,
upande ambao baba haoni.