Puluki

Mlangoni walituambia tuvue viatu.
Ghala hili lilikuwa la sabuni, barabara ya Lunga Lunga,
na sakafu bado ina utelezi wake wa zamani.
Msichana akasema, chukueni mito, mlale chali,
nami niliposikia mito nikafikiri maji
nikakunja sketi.

Taa zikazimwa.
Dari ikawa uso wa bwawa, tukiutazama kwa chini,
jua la Kasarani limevunjika juu yake
kama yai kikaangoni.
Kuta nne, maji. Sakafuni, vigae na mstari mweusi.
Mimi ninayenunua maji kwa mtungi,
ninayeoga nusu karai na kufulia yanayobaki,
nimelala ndani ya bwawa zima
na sijalowa hata ukosi.

Wakaingia wanane kwa pamoja, vichwa kwanza,
kila mmoja amejitanda shuka la mapovu.
Nawajua. Nimewapima viuno kwa tepe hii iliyo mkobani.
Nasieku, Kathambi, Muhonja mwenye bega moja juu ya jingine.
Nimewachemshia jelatini kwenye sufuria yangu ya uji,
wakaipaka nywele zikakauka kama ganda la mbegu.
Miaka minne nimekaa kwenye ngazi za zege, safu ya tatu,
nikaona kinachoonwa na wote:
miguu minane ikichipuka majini, imenyooka,
tabasamu nane, makofi.
Nikarudi kwa cherehani nikidhani nimeona.

Kumbe huko chini hakuna anayetabasamu.
Mashavu yamevimba, pua zimebanwa,
macho mekundu yanahesabu.
Na viganja! Viganja havitulii,
vinafuta meza ambayo haipo, vinafuta, vinafuta,
ili kisigino kimoja kule juu kisitetemeke.
Mapaja yanakoroga kama mwiko kwenye ugali wa matanga.
Kathambi anamsukuma Muhonja kwa mikono yote miwili,
anazama yeye ili mwenzake aruke,
na akizama anatazama juu,
si kwa huzuni, ni kama mtu aliyerusha nguo kwenye kamba
akingoja kuona kama imeshika.

Sauti ni moyo wa mtu. Sijui wa nani.
Kando yangu mzee wa suti alikuwa amezuia pumzi bila kujua;
alipoiachia, nami nikaachia yangu.

Ukiona vyaelea, mama alizoea kusema, vimeundwa.
Alisema kuhusu nyumba za watu, magari ya watu.
Hakuwahi kuona bwawa.

Halafu niliiona.
Nyonga ya kushoto ya Nasieku, alipojipindua,
puluki moja ikachomoka.
Ya kijani.
Usiku ule stima zilipotea saa nne, nikamalizia kwa tochi ya simu,
uzi ukaniishia, nikaazima mweusi kwa jirani,
nikafunga fundo moja badala ya matatu.
Nani angeona?

Ikashuka. Ukutani ilikuwa kubwa kama sinia,
ikigeuka, ikiwaka, ikizima,
ikipita katikati ya miguu ya wanane walioendelea kuhesabu,
polepole, kwa starehe, kama haidaiwi na mtu.
Mtoto mmoja akainuka kwenye mto wake,
akaikimbilia hadi sakafuni, akaifunika kwa kiganja.
Ikapanda juu ya vidole vyake.
Watu wakaguna kwa utamu.
Nilitaka kusema, samahani jamani,
hilo ni kosa, tena ni langu.
Nikanyamaza.
Ikafika kwenye mstari mweusi, ikalala.

Nje, baridi ya Julai, na ule mvuke wa kiwanda cha biskuti.
Mtoto yule alikuwa amebebwa mgongoni
na ngumi bado ameikunja.

Nyumbani Umoja nikakuta maji yametoka, na si Alhamisi.
Nikajaza karai mpaka ukingoni,
nikatia uso ndani, nikafumbua macho.
Lina ua jekundu chini, karai langu,
nimeliosha miaka kumi na moja.
Sikujua kwamba husogea.