Safu ya Tatu

Jumatano, saa nane, ukumbi wa kanisa wa Pasua,
viti vya plastiki vinanata mapajani.
Mwalimu Aikande amechora safu mbili ubaoni:
kilichoingia, kilichotoka.
Rahisi, anasema, kama kufagia uwanja.

Miaka kumi na mmoja nakaanga vitumbua
njia panda ya Njoro, karibu na reli,
na faida nimeijua kwa pindo la kanga:
fundo likijaa, leo Mungu yupo;
fundo likilegea, Mungu yupo pia, ila kasafiri.

Mchele? Naandika.
Nazi, iliki, mafuta ya kupima,
mkaa wa kopo,
maji ya mama Ndeonasia, ndoo mbili. Naandika.
Vinne alivyokula mama mkwe, akavisifu.
Naandika, nafuta, naandika.
Na zile noti anazochomoa Senkondo
chini ya mto alfajiri, akidhani nimelala?
Darasa linacheka.
"Weka kwenye matumizi mengineyo,"
ananinong'oneza Nanzia muuza dagaa,
"hata wa kwangu nimemweka hapo."

Kisha Aikande anageuka, chaki kidoleni:
"Na wewe je? Unaamka saa ngapi?"
Saa tisa usiku.
"Huyo aliyeamka analipwa nini?"

Hapo kalamu ikasimama.
Nje bodaboda ikapita, mlima umejifunika kama kawaida yake.
Nikazitafuta zile saa zote daftarini:
moshi wa machoni, si huu mji wenye stendi,
vidole vilivyobabuka kwenye chuma,
mtoto mgongoni akikohoa kwa mwendo wa mwiko.
Hazikuwa kulia, hazikuwa kushoto.
Kila kitu nilikuwa nimekipa bei
isipokuwa mpishi.

Sikufurahi. Niseme ukweli,
nilirudi nyumbani nimenuna, kama niliyeibiwa
na mtu ninayejua hata anavyokoroma.

Alhamisi nilichora safu ya tatu
kwa ukingo wa kiberiti; ikapinda.
Nikaandika: amelipwa Nakijwa, elfu mbili.
Mlipaji: Nakijwa.
Nikatia sahihi mara mbili,
na ya pili ikatoka nzuri zaidi.

Kitumbua kikapanda shilingi hamsini.
Fundi baiskeli akashika kiuno:
"Mama, mchele umepanda?"
"Mchele haujapanda," nikamwambia.
"Kula, kabla hakijapoa."