Kiputo Kitupu

Jaladani palikuwa na majina mawili:
Hadithi, Asangalwisye. Picha, Nsubisi.
Langu halikuwamo, wala sikulidai.
Mimi nilikuwa mwandiko tu,
binti wa kidato cha pili mwenye herufi zilizonyooka,
niliyeitwa kila Jumamosi Mwanjelwa,
chumba cha nyuma ya fundi viatu,
nijaze maneno kwenye viputo.
Malipo: maandazi mawili,
na kujua kabla ya Mbeya nzima.

Shujaa wao aliitwa Kungugu.
Mchana karani wa mizani ya pareto, Uyole,
usiku akishuka Loleza bila nyayo,
joho lake koti la mvua la marehemu baba yake.
Hakuwa na misuli.
Nsubisi hakujua kuchora misuli,
alijua kuchora baridi.
Risasi zilimpita zikapotea njia,
na wezi wa mizani walirudisha kilo za watu
huku meno yakigongana.

Toleo la kumi na moja,
Asangalwisye aliingia na karatasi chini ya sweta.
Hakuketi.
"Anakufa," akasema.
Nsubisi aliendelea kuchonga penseli
mpaka penseli ikawa fupi kama jino.
"Kwa nini?"
"Asiyekufa huzoeleka."
"Wewe umempa maneno, Asa.
Pumzi nilimpa mimi."

Lakini alimchora.
Wiki tatu za Julai, jiko la mkaa chini ya meza,
soksi zake zikinuka moshi.
Alimchora Bwana Kiangazi mwenye kioo kifuani
akipanda Kitulo kuchoma mashamba ya viazi,
na Kungugu, asiyejua kupigana na mwanga,
akijitandaza.
Fremu kwa fremu akijitandaza,
juu ya matuta, juu ya maua, juu ya mbwa wa mtu,
akiwa mwembamba, mwembamba zaidi,
hadi viazi vikapona
na yeye akaisha.

Fremu ya mwisho: koti kwenye nyasi.
Hamna mtu.
Na juu ya koti, kiputo.

Nikapekua hadithi. Hapakuwa na neno lake.
"Hiki cha nini?"
Nsubisi akasugua macho. "Mkono umezoea.
Kifute ukitaka."
Akatoka kutafuta chai.
Asangalwisye alikuwa kiwandani akibembeleza bei ya karatasi.

Nilikuwa peke yangu na kalamu.
Niliwaza kuandika *Nitarudi*.
Niliwaza kuandika *Mama*.
Mkaa ulikuwa umezimika, dirisha lina ufa,
nikashusha pumzi
na kiputo kidogo kikatoka kinywani mwangu,
cheupe, kikaning'inia juu ya meza,
hakina neno ndani.
Nikafunika kalamu.

Nakala mia sita zilikwisha Jumatatu kabla ya adhuhuri.
Vijana wa Ilomba walikaa matanga, uji na karata.
Barua zikaja. Karani wa forodha, Tunduma: *mmetudhulumu*.
Mpasua mbao wa Mafinga alitaka pesa zake.
Muuguzi mmoja wa Tukuyu aliandika mstari mmoja:
*Asiye na pumzi hatoi kiputo. Yuko hai. Nimeona wengi.*

Hapo ndipo walipogombana kweli.
Kwanza kila mmoja alimsukumia mwenzake kosa.
Barua ya muuguzi ilipobandikwa ukutani,
kila mmoja akakumbuka kwamba utupu ule
aliufikiria yeye, usiku, kitandani.
Toleo la kumi na mbili halikutoka.
Asangalwisye anafundisha jiografia Njombe.
Nsubisi huchora mabango ya bucha, Makambako;
ng'ombe wake wote wanaonekana
kama wanasikia baridi.

Na mimi huandika hati za viwanja, ofisi ya ardhi,
mwandiko uleule.
Juzi kijana alileta nakala, imeshonwa kwa uzi wa viatu,
ya mjomba wake, akataka kujua
kama kweli wino uliwaishia.

Nikamwambia ndiyo, wino uliisha.
Nikagonga muhuri kwenye fomu yake.
Kalamu ile ninayo bado.
Ilikuwa imejaa.