Saba ya Uru

Karata zetu ni hamsini na moja
na kipande cha boksi la sabuni.
Saba ya uru ilipotea mwaka ule tulipohama Njoro.
Baba akashika mkasi, akakata, akachora
alama saba kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia madaftari,
moja imekaa upande, kama mlevi kwenye benchi.
Mama, aliyezaliwa Uru, huko juu kwenye migomba,
husema hiyo ndiyo karata ya kwao,
"na watu wa kwetu hawafichiki."

Kweli, haifichiki.
Wenzake wana mgongo wa bluu, yenyewe ni kahawia,
na herufi mbili za jina la sabuni zimebaki pembeni.
Akiishika mtu, meza nzima inajua.
Ndiyo maana tuna sheria isiyokuwemo katika mchezo wowote:
aliyeiona, hakuiona.

Julai, Rau. Baridi ya kuvaa soksi mbili.
Mlima haujatoka, leo siku ya tisa.
Umeme umekatika tangu magharibi,
mshumaa umesimama kwenye kisosi.
Shangazi Aikaruwa, fundi cherehani, anachanganya,
karata zinalia frrr, kware aliyeshtuliwa kwenye mahindi.
"Kata," anamwambia Kisali. Kisali anakata.
Mtori unapoa. Hakuna anayetaka kuachia zamu.

Lasti kadi ya kwetu ina ukali wake.
Mbili, unachota mbili.
Nane, unarukwa, hata kama ulikuwa unapiga chafya.
Ree, unaomba utakacho.
Ukibaki na moja usiseme, unachota,
na unachekwa mpaka Jumapili.
Kisali, miaka sita, anazishika zake kwa mikono miwili
kama bakuli la uji wa moto,
anamwomba Mungu kwa sauti ampe kopa.

Kaka Elinami amekaa mkabala nami.
Bado anatoka saa kumi na mbili asubuhi,
shati la kazi, kitambulisho shingoni.
Bado anarudi jioni.
Wiki ya tatu sasa
shati halinuki vumbi la kahawa.
Mama analifua vilevile, analianika vilevile.
Baba anauliza, "Kazi?"
Anajibu, "Ipo."
Basi.

Shangazi kanipiga mbili ya pau, nimechota nikinung'unika.
Elinami anaweka shupaza, anasema chinichini,
"Lasti kadi."
Mkononi mwake, kahawia.
Hata mshumaa unajua.

Zamu ya Mama. Zimembakia mbili.
Moja ni ree, namjua anavyokunja mdomo akiwa na ree.
Ya pili nimechungulia, Mungu anisamehe: mfalme wa kopa.
Akiomba kopa, mchezo ni wake.
Anaiweka ree polepole, anailainisha kwa kiganja
kama anayenyoosha kola.
"Lasti kadi. Naomba uru."

Kisali anaruka, "Mama! Elinami ana..."
Baba anamwekea mkono kichwani.
"Ana nini? Wewe umeona nini?"
Kisali anafikiri. Anabana midomo.
"Sijaona."

Shangazi anachota.
Baba anachota.
Mimi nina nane ya uru, ningeweza kumruka.
Nachota.

Elinami anaweka kipande cha boksi katikati ya meza.
Hakuna anayepiga kelele.
Anazitazama zile alama saba, ile moja iliyolala upande.
"Mama," anasema, "Jumatatu..."
"Jumatatu kuna mbolea ya kupeleka Uru kwa bibi yako,"
Mama anakusanya karata, hainui macho.
"Amka saa mbili. Inatosha."

Shangazi anazisukuma kwake:
"Aliyeshinda anachanganya."
Hajui kuchanganya, hajawahi kujua.
Zinamponyoka, zinaanguka sakafuni, bluu, bluu,
kahawia,
nasi sote tunageukia mtori
uliokwisha kupoa.