Siku Kumi na Mbili

Shangazi Eulogia hakuniuliza nimekaa mjini miaka mingapi.
Alikuna tunda la jagua, akalikamua kwenye kibuyu,
akanivuta mkono.
"Tulia. Unatetemeka kama mtu anayedaiwa."

Kijiti cha mwanzi kilipita baridi juu ya ngozi:
mistari mitatu, pembe, mistari mitatu,
kisha kitu kama mgongo wa nyoka mwenye njaa.
Nikatazama. Hakuna.
Maji tu, yanakauka.
"Shangazi, wino wako umeisha nguvu."
"Lala nao," akasema.

Usiku ule, kando ya mto Sambú,
ilikuwapo filimbi moja yenye ufa, ngoma mbili,
na mzee Arquímedes akigonga gamba la kobe:
ko, koko, ko.
Wanawake walijipanga, sketi zao rangi ya pilipili mbivu,
sarafu za fedha zikigombana vifuani.
Ngoma ilikuwa ya tai:
anaujia mzoga, anaruka pembeni, anaurudia.
Mimi niliruka upande usiotakiwa.
Kitoto cha miaka saba kikanishika kiuno,
kikanisukuma bila huruma:
"Tai haombi radhi!"
Basi nikacheza. Vibaya, lakini nikacheza,
hata magoti yakasahau ngazi za benki.

Alfajiri, mistari iliamka kabla yangu.
Myeusi, imenyooka, kutoka kiwikoni hadi kwenye kucha,
kana kwamba usiku kucha kuna mtu
alikuwa akiniandika kutokea ndani.

Jumatatu, jijini Panama, dirisha namba nne.
Meneja Urrutia hakuinua sauti:
"Senyorita, nenda ukanawe."
Nikanawa. Sabuni, spiriti, ndimu,
brashi ya kusugulia sakafu.
Ngozi ikawaka. Jagua haikusogea hata unywele.
Nikavaa mikono mirefu katika joto la Machi,
nikahesabu fedha za watu kwa ncha za vidole
kama mwizi.

Siku ya tano akaja mama mmoja, sweta la kijivu,
anamtumia mwanawe karo.
Aliposukuma noti chini ya kioo
mkono wa sweta ukapanda:
mistari mitatu, pembe, mistari mitatu.
Ya kwake ilikuwa imekwisha pauka,
ya siku tisa hivi, au kumi.
Hatukusemezana.
Nilikunja mkono wa shati. Nikakunja tena.
Nikahesabu noti zake polepole,
ishirini, ishirini, kumi,
ko, koko, ko,
na mguu wake upande wa pili wa kioo
(sikuuona, niliusikia)
ukajibu.

Leo ni siku ya kumi na mbili.
Mkono wangu ni mtupu, kama ukuta uliopakwa chokaa.
Meneja ameuona, akatabasamu,
akanisifu kwa usafi.

Nimechukua fomu ya likizo.
Jina: Nidia Chamarra.
Siku: nne.
Sababu: kwenda kunawa mikono.