Sakafu Iliyoinama

Tuliondoka Roscoff saa mbili asubuhi, baba na mimi,
mlango wa gari umefungwa kwa kamba,
nyuma kapu la vitunguu
alivyobishania bei kama anayenunua shamba.

"Usishike barabara kuu," akasema. "Haina harufu."

Goulven, miaka themanini na moja, ramani haitaki.
Huitambua miji kwa pua:
hapa lami, hapa mwani unaooza,
hapa dizeli — "Ah, hawa bado wanavua."

Le Conquet maji yalikuwa yamekupwa,
mashua zimelalia ubavu topeni
kama ng'ombe waliogoma kuamka.
Camaret, mifupa ya meli juu ya kokoto;
baba akavua kofia. Nikadhani ni heshima.
Kumbe kipara kilimwasha.
Na ule mnara, akasema, ulijengwa kumzuia Mwingereza,
leo unamuuzia kadi za posta.

Kuhusu Douarnenez hakunitahadharisha.
Aliushika tu mkono wangu juu ya gia.

Kiwanda cha dagaa, sasa nyumba za kupanga:
kengele nane mlangoni, majina manane.
Akazibonyeza zote.

Aliyefungua ni Enora, nywele mbichi za kuoga,
mtoto amemng'ang'ania paja.
"Mama yangu alikata vichwa vya dagaa humu,"
baba akasema, hata salamu hakutoa.
Enora akamtazama.
"Basi wewe utaniambia kwa nini jiko langu limeinama."

Alikwisha kumlalamikia mwenye nyumba mara mbili.
Alikwisha kuweka makaratasi chini ya miguu ya meza.
Chungwa likianguka, alisema, halikai;
huenda lenyewe chini ya friji.

Baba akapiga goti (goti likalia),
akaisukuma friji kwa bega, akabandua zulia la plastiki.
Tundu la chuma, mdomo wa sahani,
limezibwa kwa saruji.

"Maji ya chumvi yalipita hapa. Na damu.
Tulikuwa tukimkausha vidole vya miguu kwa gazeti,
mimi mguu huu, dada yangu ule."
Miaka yote hiyo sikuwahi kusikia habari za gazeti.

Ewen, yule mtoto, akaleta gololi.
Ikashuka kutoka dirishani, ikapinda kidogo,
ikatua palepale.
Akairudisha. Ikatua palepale.
Kahawa ikapoa, wakubwa watatu tumechutama
tukiitazama gololi.

Tuliwaachia nusu ya vitunguu.
Garini baba aliinusa mikono yake, kiganja na mgongo,
mmoja, halafu wa pili.
"Sabuni," akasema. "Sabuni tu."

Concarneau hatukufika.
Kitunguu kimoja kilichomoka kapuni,
kila mlima kikaja mbele, kila mteremko kikaenda —
la, ni kinyume chake, nilikuwa nimechoka —
na hakuna kati yetu aliyekiokota.