Bega Si Meza

Tela letu ni dogo kama sanduku la bibi harusi:
cherehani, kitanda, jiko la mafuta ya taa,
dirisha moja lililong'olewa kwenye basi bovu,
magurudumu mawili yasiyofanana.
Ndani tunaenea wawili, mmoja akiwa amelala.

Ila sare za kwaya hazipimwi kitandani.
Juni iliyopita, Wanging'ombe, waimbaji kumi na tisa
walipanga foleni nje, manyunyu yakiwalowesha mabega,
nami naita, "Besi wa tatu, ingia!"
Anainama, anagonga kichwa,
napima kifua kilichojikunyata.
Mtu mwenye baridi hupungua inchi mbili.
Sikulijua hilo.
Nilishona mashati kumi na tisa, yote yakabana.

Ndipo nikamwambia Lutengano: tunataka kibaraza.

Turubai tulilipata Makambako, kwa Sigala wa vipuri,
limezunguka na lori mpaka limechoka,
lanuka saruji na dizeli,
na ubavuni herufi tatu nyeupe, mabaki ya neno: ARI.
Lutengano anasema lilikuwa SAFARI.
Mimi nasema HATARI.
Tukabishana hilo siku mbili,
huku nikiziba matundu kwa sindano ya magunia,
uzi nimeupaka nta ili usinywe maji.

Yeye akapasua bomba kwa kisu cha moto,
akalipigilia ukingoni mwa paa;
mimi nikaficha kamba ndani ya pindo,
pindo likateleza bombani, srrr,
kama ulimi unaorudi kinywani baada ya kusema sana.
Matundu ya kamba tuliyavika vizibo vya soda,
kimoja mbele, kimoja nyuma, nyundo katikati.
Nguzo ni mianzi iliyozeeka, isiyotoa tena ulanzi.
Na kamba za pembeni hazikuwa kamba:
tulikata tyubu ya baiskeli vipande virefu,
maana upepo wa Makambako haubishi hodi,
na kisichojua kunepa, huko, hung'oka.

Kosa likabaki moja. Alilitandika sawasawa,
akalipima kwa maji ya chupa, akajisifu: "Kama meza!"
Nikasema, liinamishe. Akasema, litaharibika sura.
Nikanyamaza. Kunyamaza nako ni kupima.

Usiku ikanyesha.
Alfajiri turubai lina tumbo la ng'ombe mwenye mimba.
Lutengano, fulana na msuli, akachukua mpini wa fagio
akalisukuma kwa chini, taratibu, kitaalamu,
na maji yote ya usiku ule yakamwingia shingoni.

Sikucheka mbele yake. Nilikwenda nyuma ya tela.

Alipokwisha kujifuta akaniuliza, bila kunitazama,
"Hivi shati, unalifanyaje?"
Nikamwonyesha begani kwake mwenyewe, kwa chaki:
linaanzia juu, hapa shingoni, linashuka hivi.
Bega si meza, Lutengano.
Tukafumua. Tukapunguza mianzi ya mbele shubiri mbili,
nikatia mikunjo miwili pembeni,
na manyunyu ya mchana yakashuka yenyewe
mpaka kwenye ndoo, tukayafulia.

Sasa tuko Ilembula. Inanyesha.
Chini ya ARI wamesimama sauti ya kwanza na ya pili,
waliopimwa hawaondoki, wasiopimwa hawanung'uniki,
jiko liko katikati, birika juu yake,
na mtoto wa mwalimu wa kwaya, aliyejua kusoma juzi,
anatuambia sote kwa ukali: "Hapo pameandikwa ari!"

Namwambia kila mmoja, pumua.
Anapumua. Futi inasogea, inasogea tena,
namba inatoka nzima.
"Thelathini na nane!" naita, na mwalimu anaandika.

Lipo tundu moja sikuliona.
Tone linaning'inia, linafikiri,
linaangukia daftari, linafuta nane.

"Tuliza," namwambia dada yule. "Turudie.
Pumua."